Nilivyoidanganya Injini ya Dada Yangu

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa mlinzi mbali na nyumbani. Alikuja kwa mazishi, akakaa wiki mbili, kisha akarudi kazini. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndiye aliyenifulia sare, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mzazi siku za mikutano ya shule, walimu wakimtazama kama wanaotafuta mtu mzima nyuma yake. Alisomea uuguzi baadaye, mimi nikiwa shule ya bweni. Nilipomaliza masomo alikuwa na kazi katika zahanati ndogo iliyokuwa karibu na kwetu, juu ya kilima upande wa Kathiani. Hakuolewa. Watu walisema ni kwa sababu yangu. Sijawahi kumwuliza.

Gari alilinunua alipofika miaka arobaini. Lilikuwa gari dogo jeupe, limeshatumika na watu wengine kabla yake, na mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu. Hakulinunua kwa kujionyesha. Zahanati yao haikuwa na wodi ya kuzalisha, na mwanamke akishikwa na uchungu wikendi, dada ndiye aliyepigiwa simu. Alikuwa amechoka kuwapandisha wanawake wajawazito juu ya pikipiki na kuwaaga kwa mkono.

Shida ya gari hilo ilikuwa mlima. Kutoka kwetu kwenda Machakos mjini lazima upande milima ya Iveti, na likiwa na watu wanne lilipanda kwa gia ya kwanza, likitetemeka, likipitwa na kila kitu. Dada alikuwa akilipapasa dashibodi kama mtu anayembembeleza ng'ombe. "Twende, mama," alikuwa akiliambia. "Twende, tumekaribia."

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na cheti cha umeme kutoka chuo cha ufundi. Kazi sikuwa nayo, ila kibanda changu cha kutengeneza redio na simu pale sokoni Kathiani. Nilikula kwa dada, nililala kwa dada. Ukweli ni kwamba nilitamani siku moja nimpe kitu ambacho hakuna mtu mwingine angeweza kumpa.

Basi nikaona video kwenye simu. Mwanamume mmoja wa nchi za mbali, amevaa kofia, alikuwa akieleza jinsi ya kuongeza nguvu ya gari kwa kitu cha bei ya peremende. Kwenye bomba linaloingiza hewa kwenye injini, alisema, kuna sensa ndogo. Kazi yake ni kupima joto la hewa na kuiambia kompyuta ya gari. Hewa ikiwa ya baridi, kompyuta inamwaga mafuta zaidi. Ikiwa ya moto, inapunguza. Ukichomeka rizista kwenye waya wa sensa hiyo, kile kidude kidogo chenye mistari ya rangi kinachobana umeme, kompyuta itaamini hewa ni ya baridi wakati wote. Mafuta yataongezeka na gari litapata nguvu.

Rizista nilikuwa nazo kopo zima. Nilitazama video ile mara nne.

Kabla ya kuanza nilipita kwa fundi wa magari aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Nilitaka kuazima koleo, lakini zaidi nilitaka anisikie nikieleza. Alinisikiliza akiwa amelala chini ya pikapu, miguu tu inaonekana.

"Hiyo sensa wachana nayo," alisema. "Hiyo gari ya dada yako lini mara ya mwisho filta ya hewa ilibadilishwa?"

"Sijui."

"Anzia hapo. Hii barabara yetu ni vumbi tupu."

Nilimshukuru, nikachukua koleo, nikaenda zangu. Nilijiambia kwamba ni mtu wa spana, hajui mambo ya kompyuta.

Kazi yenyewe haikuchukua saa moja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Dada alisimama kando yangu, ameshika kikombe cha chai, akitazama nikikata waya.

"Unajua unachofanya?"

"Najua, dada."

Nililehemu rizista, nikaifunga kwa utepe mweusi, nikaificha chini ya bomba ili isipigwe na upepo. Kisha tukaingia barabarani, yeye kwenye usukani. Pale kwenye mwinuko wa kwanza, ambapo gari lilizoea kulia, lilipanda kwa gia ya pili. Dada alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa machozi, akawa anapiga honi bila sababu, na wanawake waliokuwa wakivuna maharagwe kwenye matuta wakainua vichwa kututazama. Sikumbuki kumwona akicheka vile kabla ya siku hiyo.

Jumapili kanisani aliwaambia watu. "Huyu ndugu yangu ni injinia," alisema, amenishika begani. Wazee walinipa mkono. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Dalili zilikuja pole pole na mimi niliziona zote. Asubuhi gari lilichelewa kuwaka. Bomba la moshi lilijaa masizi. Lilinuka mafuta, hata nguo za dada zilianza kunuka.

"Mbona inanuka hivi?" aliniuliza.

"Injini inajisafisha. Ni kawaida."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Nilikuwa nimeanza kushuku kwamba mafuta yanayoingia ni mengi kuliko injini inavyoweza kuchoma, na kwamba plagi, zile za kutoa cheche, zinachafuka. Ningeitoa rizista ile kwa dakika tano. Lakini gari lingerudi kulia mlimani, na mimi ningerudi kuwa kijana anayekula kwa dada yake. Nikaiacha. Nilijiambia nitaitazama wiki ijayo.

Wiki iliyofuata, Jumapili, tulitoka kanisani jua likiwa kali. Kulikuwa na ukame mwaka huo na vumbi lilikuwa limelalia hata majani ya kahawa. Tulikuwa tumeegesha tu nyumbani nilipomwona mama mkwe wa jirani yetu akipanda matuta mbio, viatu mkononi. Jirani huyo tuliishi naye vizuri sana. Ndiye aliyetuletea majani ya kunde wakati wa mvua, na alikuwa na mimba ya tatu, bado wiki chache. Mumewe alifanya kazi kiwandani Mavoko, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi.

"Daktari, njoo," mama mkwe alimwambia dada, kwa Kikamba, akihema. "Kuna damu."

Dada alishuka mbio na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Nilisubiri. Aliporudi alikuwa na simu sikioni, akiita ambulensi. Ilikuwa imeenda upande mwingine, haingefika kwa saa mbili. Aliitazama ile simu kidogo, kisha akanitazama.

"Leta gari. Wewe utaendesha, mimi nitakaa naye nyuma."

Gari lilichelewa kuwaka. Liliwaka mara ya tatu. Tukampakia jirani kwenye kiti cha nyuma, amelaza kichwa mapajani mwa mama mkwe, dada amepiga magoti kwenye nafasi ndogo iliyobaki. Nilipoanza kupanda Iveti niliona kwenye kioo cha nyuma moshi mweusi ukitufuata. Katikati ya mlima injini ilianza kukohoa. Ilikohoa mara tatu, ikashtuka, ikazima.

Nilizungusha ufunguo. Starta ilizunguka vizuri, lakini hakuna kilichowaka. Nikajaribu tena na tena. Harufu ya petroli ilijaa ndani.

"Kuna nini?" dada aliuliza.

Nilijua kuna nini. Plagi zilikuwa zimelowa mafuta na kujaa masizi, na katika joto lile hazingewaka mpaka zifunguliwe na kukaushwa, na mimi sikuwa na spana ya kuzifungua.

"Sijui," nikasema.

Nilishuka, nikafungua boneti. Boneti iliposimama, mimi na dada hatukuweza kuonana. Niliingiza mkono chini ya bomba la hewa, nikaing'oa rizista pamoja na utepe wake, nikasokota waya mbili kwa vidole kama zilivyokuwa mwanzo. Rizista niliitupa kwenye nyasi chini ya barabara. Nilifanya hivyo upesi sana. Nimejiuliza mara nyingi: je, niliitoa ili gari liwake, au ili isionekane? Nafikiri zilikuwa sababu zote mbili, lakini ya pili ndiyo iliyotangulia.

Gari halikuwaka.

Nilisimama katikati ya barabara nikipunga mikono. Pikipiki moja ilisimama. Mwenyewe akachungulia ndani, akatikisa kichwa, akasema atashuka kutafuta gari. Nyuma yangu nilimsikia jirani akilia, kisha nikamsikia dada akisema kwa sauti yake ya kazini, sauti tulivu, "Sasa sukuma. Sukuma, mama. Hapo hapo." Niligeuka nikatazama ua wa mkonge uliokuwa kando ya barabara. Sikugeuza uso tena.

Nilikuwa nikingoja kilio. Mtu yeyote aliyewahi kungoja karibu na mwanamke anayejifungua anajua ni kilio gani. Hakikuja. Nilichosikia ni dada akipuliza, pumzi fupi fupi, akisugua kitu kwa kitambaa, akipuliza tena. Mama mkwe alikuwa akimwita Mungu, "Ngai, Ngai," si kwa nguvu. Dada hakuacha kupuliza. Hata pikapu ya kuuza maji aliyoituma yule wa pikipiki ilipofika na vijana wakaanza kushusha mitungi, alikuwa bado anapuliza.

Alikuwa msichana.

Mama yake aliokolewa hospitalini. Dada alirudi jioni, gauni lake la kanisani limekaukiwa na damu. Nilikuwa nimepasha chakula. Aliketi kwenye kigoda jikoni, hakunawa mikono.

"Ni mimi niliamua," alisema. "Ningengojea ambulensi. Ama ningemwambia mwenye pikapu ile mapema. Nilijua hii gari inasumbua kuwaka, na bado nikamweka mtu ndani."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Kula kwanza, dada," nikasema.

Mtoto alizikwa siku ya pili, pembeni mwa shamba la kahawa, na watu wachache tu. Baba yake alikuwa amefika kutoka Mavoko bado amevaa koti la kazi. Baada ya maombi alikuja kwa dada, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kumwokoa mke wake. Dada hakuweza kuinua uso.

Fundi wa nyuma ya soko alikuja kulitazama gari. Alitoa plagi moja baada ya nyingine, nyeusi tititi. Akaona waya zilizosokotwa.

"Nani ameshika hapa?"

"Ni mimi, nilikuwa nakagua."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akafungua kasha la filta ya hewa, akaivuta nje, akaigonga kwenye tairi. Vumbi lililotoka lilifunika viatu vyake. Aliweka filta mpya na plagi mpya, akaunga waya vizuri, akalipeleka gari mpaka juu ya mlima na kurudi. Lilipanda bila shida yoyote. "Ilikuwa filta tu," alimwambia dada. Hakumwambia zaidi, na nilipotaka kumshukuru alikuwa ameshanipa mgongo.

Dada hakumbeba mgonjwa tena. Gari alilitumia miezi michache kwenda kanisani, kisha akaliuza. Kule zahanati aliomba apewe kazi ya chanjo na kadi za watoto. Simu za wanawake wenye uchungu akawa anampa mwenzake. Watu walimwuliza kwa nini, naye akawa anasema umri. Alikuwa na arobaini na moja. Mimi nilipata kazi Machakos mjini kwa watu wanaofunga umeme wa sola, nikapanga chumba. Nilijifanya nimehama kwa ajili ya kazi.

Miaka minne ilipita hivyo. Nilimtembelea, tukala, tukaongea juu ya mvua. Jirani alipata mtoto mwingine, wa kiume. Dada alituma blanketi na sabuni lakini hakwenda kumwona. Siku ile aliponiambia kwamba hakwenda, kwamba alifika mpaka kwenye lango lao akarudi, ndipo nilipojua siwezi kuendelea.

Nilikwenda Jumapili alasiri. Alikuwa nyuma ya nyumba akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa chini nikamwambia yote: video, fundi, harufu, rizista niliyoitupa kwenye nyasi. Alisikiliza huku akiendelea kuchagua. Nilipomaliza, mikono yake ikatulia.

"Siku ile nilikuuliza kuna nini."

"Ndiyo, dada."

"Ukasema hujui."

"Ndiyo."

"Yule mtoto pengine hangepona," alisema. "Damu ilikuwa nyingi kabla hatujatoka nyumbani. Hilo nimejiambia kila siku na sijawahi kuliamini. Kwa hivyo mambo ya gari, nimekusamehe. Ulitaka kunisaidia. Lakini uliniona nikiacha kazi yangu. Ulikuwa unakula hapa, unaniona, na unanyamaza."

Aliuweka ungo chini.

"Hilo nipe muda," alisema. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Twende kwa wenyewe."

Jirani alikuwa akianua nguo, mtoto wa kiume amemshika sketi. Alifurahi kumwona dada mpaka ikawa vigumu kumtazama. Alituletea viti nje. Mama mkwe wake alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Nilirudia maneno yangu yote. Kwa mara ya pili hayakuwa mepesi zaidi.

Jirani akauliza, "Hiyo kitu ingekuwa haiko, tungefika?"

"Sijui. Pengine tungefika."

"Mimi nilibeba maji asubuhi," alisema. Hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akimwambia dada. "Daktari, siku hiyo nilibeba mtungi kutoka mtoni kabla ya kanisa. Mama alikuwa amenikataza. Mpaka anakufa alikuwa ananiambia ni yale maji. Na mimi nilijua ni yale maji."

Dada alikwenda akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Si maji," alisema. "Hapana, si maji. Mbona hukuniuliza?"

"Wewe hukuwa unakuja."

Walilia pamoja, wameegemeana, na yule mtoto akaanza kulia kwa sababu mama yake analia. Mimi nilikaa kwenye kiti nilichopewa. Katika miaka yote minne nilikuwa nimefikiri ninaficha jambo kutoka kwa mtu mmoja. Hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba nyumba ya pili, matuta mawili chini yetu, kulikuwa na mtu mwingine anayeamka kila asubuhi na kosa langu akidhani ni lake.

Alipotulia, jirani alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na ningependa angekuwa nayo.

"Nenda nyumbani," alisema. "Baba yao nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia. Mumewe hajawahi kunijia, hajawahi kunitukana. Tukikutana njiani anaangalia kando mpaka nipite. Mke wake hunijibu salamu. Hiyo ndiyo hali ilivyo hadi leo, na nimeacha kutaka ibadilike kwa ajili yangu.

Dada alirudia kazi yake. Mimi niliambiwa na watu, yeye hakunitajia. Mwezi wa pili baada ya siku ile alipokea simu ya mwanamke wa ng'ambo ya kijito, akaenda, na mtoto akatoka salama. Tangu hapo wamemrudia wote. Ana mwenye gari aliyepatana naye, mtu wa kuaminika, anayefika hata akiitwa katikati ya ibada. Na kwa jirani anaingia na kutoka kama zamani.

Mimi ananipigia simu Jumapili. Ananiuliza kama ninakula, anasema mahindi yamefika magotini au yamekauka. Hatugombani. Lakini siku za nyuma aliniita kwa kila kitu, bawaba ikilegea, taa ikizima, simu ikikataa chaji, na sasa haniiti kwa lolote.

Nilipokwenda mara ya mwisho, niliona kutoka mbali kitu kinang'aa juu ya paa. Alikuwa amefungiwa paneli za sola, mbili, na waya zimeshuka ukutani zimenyooka. Hiyo ndiyo kazi ninayofanya kila siku kwenye nyumba za watu nisiowajua. Nilisimama uani nikitazama juu. Alitoka akanikuta hivyo, akajifuta mikono kwenye leso.

"Walikuja vijana wa Kangundo," alisema. "Wamefanya vizuri."

"Naona, dada. Wamefanya vizuri kabisa."

"Haya, ingia. Chai iko tayari."

Tukaingia, tukanywa chai.